Ngazi Ndiyo Yenye Kasoro

Mtu anayetembelea kiti cha magurudumu akifika kwenye ofisi ya serikali akakuta ngazi kumi, na shida yake ikabaki chini pamoja naye, kasoro ni ya nani: ya miguu yake au ya ngazi zile? Kwa muda mrefu jibu letu limekuwa ni miguu. Tukamwita asiyejiweza, tukamhurumia, tukamtengea fungu la sadaka, tukadhani tumekwisha timiza wajibu.

Jibu hilo lilipingwa na wenyewe. Mwaka 1972 Paul Hunt, Mwingereza aliyewahi kuishi miaka mingi katika makao ya walemavu, aliandika barua katika gazeti la The Guardian akiwaita wenzake waungane. Miongoni mwa waliomwitikia ni Vic Finkelstein, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyevunjika shingo ujanani, akafungwa jela kwa kupinga ubaguzi wa rangi, kisha akahamia Uingereza mwaka 1968. Mtu aliyekwisha kuzuiwa na sheria za makaburu hakushindwa kutambua kwamba ngazi na mlango mwembamba navyo ni vizuizi vilivyowekwa na watu. Mwaka 1976 umoja wao ulitamka wazi kwamba jamii ndiyo inayowalemaza wenye upungufu wa viungo. Finkelstein alikuwa miongoni mwa waliofundisha somo hilo katika Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, lililoanza mwaka 1975. Hivyo ndivyo elimu ya ulemavu ilivyoota mizizi katika vyuo vikuu: aliyekuwa akielezwa na wengine akawa mwalimu.

Fikra hiyo si ngeni kwetu. Waliosoma Sura ya Abasa chuoni wanakumbuka kwamba kipofu Ibn Ummi Maktum hakuja kuomba sadaka. Alikuja kutaka elimu, na baadaye akawa mwadhini. Hapa visiwani Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar uliasisiwa mwaka 1985, na Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zao mwaka 2009.

Kwa hiyo basi, tunawaambia wakuu wa idara na wachora ramani: kabla msingi wa skuli, hospitali au gati haujachimbwa, waiteni wenye ulemavu waikague ramani. Ngazi ikishajengwa, kuivunja ni gharama ya umma. Ikiwa bado iko katika karatasi, kuiondoa ni kazi ya kalamu na raba.