Diski Iliyotoka Kompyuta Nyingine: Namna ya Kuisoma Bila Kupoteza Kumbukumbu za Wanachama



Kumbukumbu za chama ni mali ya wanachama, kama ilivyo korosho iliyomo ghalani. Tangu utaratibu wa stakabadhi za ghala uanze kutumika kwa korosho mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/2008, mkulima hupeleka mzigo wake chamani, mzigo hupimwa, mkulima huandikiwa hati, kisha hungojea mnada na malipo. Kati ya siku ya mizani na siku ya malipo, kinachosimama badala ya gunia lake ni maandishi: jina, kilo, daraja na namba ya akaunti ya benki. Maandishi hayo yakipotea, mkulima hubaki na maneno matupu, na katibu hubaki na lawama.

Sehemu kubwa ya maandishi hayo sasa imo katika kompyuta. Katika msimu wa 2024/2025 hata minada yenyewe iliendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, yaani TMX. Hata hivyo, mara nyingi orodha hutoka chama hadi chama kikuu, au hufika kwa mkaguzi, ikiwa ndani ya diski ya mkononi. Hapo ndipo hutokea tatizo ambalo makala hii inakusudia kulieleza. Iwe chama kiko Masasi chini ya MAMCU, au Newala chini ya TANECU, maelezo ni yaleyale.

TATIZO LENYEWE

Tuseme chama kimoja kimeandika orodha ya malipo kwa kompyuta yenye Linux, na diski yake imetengenezwa kwa utaratibu wa Linux. Diski inapelekwa katika ofisi nyingine yenye kompyuta ya Windows. Inapochomekwa, Windows haionyeshi orodha yoyote. Badala yake huuliza iwapo mtumiaji anataka kuifomati diski ili iweze kutumika. Mtumishi aliyechoka, na foleni ya wakulima ikiwa mlangoni, hudhani kwamba diski ni tupu au ni mbovu. Anabonyeza kukubali. Kwa kubonyeza huko, orodha ya chama kizima imeondolewa.

Diski hiyo haikuwa tupu wala mbovu. Ilikuwa imeandikwa kwa utaratibu ambao kompyuta ile haikufundishwa kuusoma.

KWA NINI KOMPYUTA MOJA HAISOMI DISKI YA NYINGINE

Fikirini ghala kuu lililojaa magunia. Mtunza ghala hulipata gunia la chama fulani kwa kuwa ana leja inayoonyesha rundo, safu na namba. Akija mtunza ghala mwingine, na leja ile imeandikwa kwa alama asizozijua, hataliona gunia ijapokuwa liko mbele yake. Diski nayo ina leja yake, na leja hiyo ndiyo iitwayo mfumo wa mafaili. Huonyesha kila faili liko wapi, lina ukubwa gani, na katika mifumo mingine ni la nani.

Mifumo ya mafaili ambayo katibu aghalabu atakutana nayo ni minne:

(a) FAT32, ambao husomwa karibu na kila kompyuta, lakini faili moja ndani yake haliwezi kufika ukubwa wa gigabaiti 4.

(b) NTFS, ambao kampuni ya Microsoft iliutoa mwaka 1993, na ndio utumikao ndani ya kompyuta nyingi za Windows.

(c) exFAT, uliotolewa mwaka 2006 kwa ajili ya diski za mkononi na kadi za kumbukumbu.

(d) ext4, uliokamilishwa mwaka 2008, na ulio wa kawaida katika Linux.

Windows yenyewe haiisomi diski ya ext4 mpaka iongezewe programu nyingine. Linux, kwa upande wake, husoma yote minne. Uwezo wa kusoma exFAT uliingizwa ndani ya Linux yenyewe mwaka 2019, na njia mpya ya kusoma na kuandika NTFS iliingizwa mwaka 2021. Kwa hiyo ofisi yenye kompyuta moja ya Linux inaweza kuwa msaada kwa vyama jirani pindi diski inapokataa kufunguka kwingine.

Linux si kitu kigeni nchini. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi uliotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizoandikwa kwa Kiswahili.

MAANA YA KUPACHIKA DISKI

Katika Windows, kila diski hupewa herufi yake, kama D au E. Linux hufuata desturi ya Unix, mfumo ulioanza mwaka 1969 katika maabara ya Bell huko Marekani: mafaili yote yako katika mti mmoja, ambao mzizi wake huandikwa kwa mkwaju mmoja tu, yaani /. Diski mpya haisimami peke yake, bali hupachikwa mahali fulani katika mti huo.

Mkulima aliyepanda miche ya mikorosho iliyobebeshwa ataelewa upesi. Kikonyo cha mkorosho bora huunganishwa na shina la mche mwingine, na tangu hapo huonekana kuwa tawi lake. Diski iliyopachikwa nayo huonekana kuwa tawi la mti wa mafaili, ingawa imetoka kwingine. Tofauti iliyopo ni kwamba diski huweza kuondolewa tena bila mti wala tawi kudhurika, mradi iondolewe kwa utaratibu.

HATUA ZA KUFUATA

Kompyuta nyingi za Linux zenye madirisha huipachika diski zenyewe mara tu inapochomekwa. Lakini zikishindwa, au kumbukumbu zikiwa za thamani, yafaa katibu afanye kazi hiyo kwa mkono kwa kuandika amri zifuatazo.

1. Tambueni diski. Andikeni:

lsblk -f

Kompyuta itaorodhesha diski zote pamoja na mfumo wa mafaili wa kila moja. Iandikeni amri hii kabla ya kuchomeka diski, kisha mrudie baada ya kuichomeka. Jina lililoongezeka ndilo la diski ngeni. Tuseme ni sdb1.

2. Tengenezeni folda tupu ya kuipachikia:

sudo mkdir /mnt/chama

Folda hiyo iwe tupu kweli. Ikiwa ina mafaili, hayo yatafichwa mpaka diski iondolewe. Hayatakuwa yamepotea, lakini yanaweza kumtia mtu hofu bure.

3. Pachikeni diski kwa kusoma tu:

sudo mount -o ro /dev/sdb1 /mnt/chama

Herufi ro ndizo kinga yetu. Maana yake ni kwamba mafaili yatasomwa, lakini hakuna litakaloongezwa, kubadilishwa wala kufutwa kwa bahati mbaya.

4. Nakilini mafaili kwenye kompyuta, kisha fungueni nakala na kuhakiki. Hesabuni majina na linganisheni jumla ya kilo na ile iliyo katika kitabu cha mizani. Msiridhike kwa kuona jina la faili tu.

5. Ondoeni diski kwa utaratibu:

sudo umount /mnt/chama

Angalieni kwamba amri hii huandikwa umount, wala haina herufi n baada ya u. Kompyuta ikijibu kwamba diski inatumika, fungeni faili au dirisha lililobaki wazi, kisha mrudie.

MAMBO YA KUTAHADHARI

Kwanza, msichomoe diski ghafla. Kompyuta ikiandika kwenye diski, hushikilia sehemu ya maandishi katika kumbukumbu yake ya muda kabla ya kuyapeleka. Anayechomoa diski mapema huweza kuondoka na faili lenye jina lakini lisilokamilika. Umeme ukikatika wakati wa kuandika, hatari ni hiyohiyo.

Pili, diski ya NTFS ikikataa kupachikwa, au ikikubali kusomwa tu, msiilazimishe. Aghalabu sababu ni kwamba ilitolewa katika kompyuta ya Windows ambayo haikuzimwa kikamilifu. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuzima kwa kawaida huacha baadhi ya mambo yamehifadhiwa ili kompyuta iwake upesi, na diski yake ya ndani hubaki kama leja ambayo hesabu zake hazijafungwa. Irudisheni diski kwenye kompyuta ilikotoka, na hiyo izimwe huku kitufe cha Shift kimeshikiliwa. Kama kasoro ingalipo, diski ikaguliwe hukohuko kwa amri ya chkdsk.

Tatu, ikiwa kwa bahati mbaya diski imeshafomatiwa, msiandike kitu kingine chochote juu yake. Kufomati kwa haraka huondoa leja, lakini maandishi yenyewe huweza kuwa yangali yamo mpaka yafunikwe na mengine. Ichomoeni, iwekeni alama, na mpelekeeni fundi.

Nne, diski yenye majina na akaunti za wanachama si kitu cha kuachwa mezani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yahusu taarifa kama hizo. Ifungiwe kabatini pamoja na hundi na mihuri.

USHAURI KWA VYAMA

Chama kikinunua diski ya kupelekea orodha ofisi nyingine, kiitengeneze kwa exFAT ingali tupu, kwa maana Windows na Linux za sasa zote huisoma. Juu ya diski ibandikwe karatasi ndogo yenye jina la chama, msimu, na aina ya mfumo wa mafaili. Karatasi hiyo haigharimu kitu, lakini humwambia mpokeaji leja imeandikwa kwa alama gani. Na chama kisitoe diski iliyo nakala yake pekee.

Makatibu wanaombwa kuyasoma maelezo haya pamoja na watumishi wao kabla mizani hazijafunguliwa. Kompyuta ikiuliza kama ifomati diski ya wanachama, jibu la ofisi zote liwe moja: hapana, mpaka ijulikane ina nini ndani.