Mgeni wa Kijapani Hutafuta Nini Mjini?

Swali la nini kinachomvuta msafiri wa Kijapani katika mji wa kigeni tumezoea kuwaachia watu wa utalii. Makala haya yanajaribu kuonyesha kwamba ni letu pia, hasa sisi tunaofundisha na kusoma Kiswahili hapa Bujumbura.

Kwanza ni muda. Mwajiriwa wa Kijapani hupata likizo fupi: mwisho wa mwaka, katikati ya Agosti, na sikukuu zinazofuatana kuanzia mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Mei, ambazo wenyewe huziita Wiki ya Dhahabu. Aprili kwetu ni mvua. Agosti ni kiangazi. Atakayepanga kumpokea na aanzie hapo.

Pili ni usalama. Wizara ya Mambo ya Nje ya Japani hupima hatari ya safari kwa ngazi nne, na Wajapani huzizingatia sana. Mgogoro wetu wa mwaka 2015 uliwafukuza wageni wengi, na jina baya huchelewa kufutika.

Usafi na kufuata saa havihitaji maelezo marefu. Chakula tunacho: mtu aliyelelewa kwa wali na samaki hawezi kulala njaa penye mchele wa Imbo, mukeke na ndagala. Tena kuna desturi yao iitwayo omiyage: anayerudi safarini huwaletea wenzake wa kazini vizawadi. Kwa hiyo hupenda kitu kidogo, chepesi, kilichofungwa vizuri, chenye jina la mahali kilikotoka. Pakiti ndogo za kahawa ya Burundi zingemfaa kuliko ngoma kubwa isiyoingia katika sanduku.

Lakini kinachotuhusu zaidi ni ziwa na lugha. Mwaka 1965 Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto alianza kuwachunguza sokwemtu katika milima ya Mahale, kusini ya Kigoma, kwenye ziwa hilihili la Tanganyika. Uchunguzi huo umeendelea kwa miongo mingi, na Mahale ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Mwaka 1993 Michio Hori, Mjapani mwingine, alichapisha utafiti juu ya samaki wa ziwa hili anayekula magamba ya wenzake, ambaye mdomo wake hupinda kushoto au kulia. Ziwa tunalolitazama kila jioni linajulikana Kyoto kuliko tunavyodhani.

Watafiti wa namna hiyo huhitaji Kiswahili kwa kazi yao ya kila siku. Kiswahili hufundishwa pia katika Chuo Kikuu cha Osaka, na vijana wa Kijapani wanaojitolea wamekuwa wakija Kenya na Tanzania tangu miaka ya 1960. Basi akija Bujumbura mtu wa kundi hilo, huenda Kifaransa hana kabisa, ila atamwamkia muuzaji wa Buyenzi na kuelewana naye.

Matamshi yetu hayamsumbui sana. Kijapani, kama Kiswahili, kina irabu tano, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Taabu iko kwenye /l/ na /r/, ambazo Kijapani hakizitofautishi. “Kula” na “kura”, “kalamu” na “karamu” kwake ni mamoja. Akiuliza mahali akasikika anauliza mahari, tusimcheke: wanafunzi wetu waliolelewa na Kirundi huyajua mateso hayohayo, na mazoezi tunayowapa darasani yangemfaa naye bila kubadilishwa.

Vijana wanaojiandaa kuongoza watalii huhimizwa Kiingereza na Kifaransa, nami sipingi. Ila kijana awezaye kueleza kwa Kiswahili safi habari za viboko wa Rusizi, au za Livingstone na Stanley waliofika Mugere Novemba 1871, atampata mgeni ambaye mwenzake hatamweza. Idara ingeweza kuanza na jambo dogo: orodha ya majina ya samaki wa ziwa kwa Kirundi na Kiswahili, ikusanywe na wanafunzi kutoka kwa wavuvi wenyewe.