Lubakat: jina lenye jimbo ndani yake

Neno Lubakat, ambalo ukilitamka Kinkondja, kando ya ziwa Kisale, hakuna atakayeuliza maana yake, limeshonwa kwa vipande viwili. Luba ni watu. Kat ni Katanga, jimbo la Kongo lililochorwa na Wabelgiji. Neno hilo lilipata nguvu mwishoni mwa miaka ya 1950 kupitia chama cha Balubakat cha Jason Sendwe, kilichojitambulisha kuwa chama cha Waluba wote wa Katanga, na leo linatumika kana kwamba limetoka kwa mababu moja kwa moja. Lakini babu wa babu wa mvuvi wa ziwa Kisale hakuwahi kuwa Mlubakat. Alikuwa mtu wa Kinkondja, mwenye sultani wake, na kama kulikuwa na mfalme Mluba mahali fulani aliyetaka kodi, hilo lilikuwa jambo la kuzungumzwa, mara nyingine la kupiganiwa. Nalieleza hili mapema kwa sababu tangu Katanga igawanywe mwaka 2015, na kabla ya hapo pia, watu wamezoea kusema kwamba mipaka mizuri ni ile inayofuata kabila: kila ukoo na jimbo lake, na ugomvi utakwisha. Mimi nadhani wanaanzia mwisho. Mara nyingi mpaka ndio unaowapa watu jina la kabila, na jina hilo likishakomaa linadai mpaka mwingine.

Anayedhani hii ni tabia ya Kongo peke yake aitazame Las Anod, kaskazini mwa Somalia. Mji huo na mkoa wa Sool umegombewa na pande mbili zenye hoja mbili tofauti kabisa. Somaliland inasema ardhi ni yake kwa sababu ilikuwa ya Waingereza, na mstari kati ya Waingereza na Waitalia ulikubaliwa mwaka 1894. Puntland, iliyoundwa mwaka 1998, inasema ni yake kwa damu: wakazi ni Dhulbahante, na Dhulbahante ni Harti kama walivyo Majerteen wanaoongoza Puntland. Mwaka 2023 Dhulbahante wenyewe walizikataa hoja zote mbili. Mapigano yalianza Februari, na tarehe 25 Agosti wapiganaji wao waliiteka kambi ya Goojacade na kuliondoa jeshi la Somaliland. Sasa angalia walivyojiita: SSC-Khaatumo. Herufi hizo tatu ni Sool, Sanaag na Cayn, yaani majina ya maeneo ya utawala. Ukoo uliopigana kwa ajili ya ardhi ya mababu ulijipa jina la ramani. Na ramani hiyo ina watu wengine ndani yake, kwa maana Sanaag ni ya Warsangeli pia, na ya koo za Isaaq zinazoitazama Hargeisa, mji mkuu wa Somaliland. Ubishi wa Hargeisa na Mogadishu juu ya kujitenga kwa Somaliland ulishuka ukawa ubishi wa Hargeisa na Las Anod, na ngazi bado zipo za kuteremkia.

Turudi nyumbani. Wanaotetea jimbo la kabila huleta ufalme wa Waluba kama ushahidi: palikuwa na mulopwe (mfalme) mmoja, palikuwa na nchi moja. Ufalme ulikuwapo, tena mkubwa, lakini haukuwa sanduku lenye kifuniko. Mwishoni mwa karne ya 19 warithi waligombana wao kwa wao, na Wabelgiji walipofika walikuta nyumba mbili zikidai kiti kimoja. Kabongo wa kaskazini aliungwa mkono na wageni. Kasongo Nyembo aliwapinga kwa miaka mingi hadi alipokamatwa mwaka 1917 na kupelekwa uhamishoni. Utawala wa kikoloni haukuamua nani ana haki. Uliandika majina yote mawili katika vitabu vyake, na mpaka leo Kabongo ni eneo na Kasongo wa Nyembo ni usultani, vyote katika jimbo la Haut-Lomami. Nayo Kinkondja, ndani ya eneo la Bukama, ina usultani wake unaosimama kwa historia yake na haukubali kuwa mkia wa nyumba yoyote kati ya hizo mbili. Kwa hiyo ukisema jimbo ni la Waluba, hujamaliza swali. Umelifungua: Waluba wa nani?

Pingamizi kubwa zaidi ni la mwaka 1960, na sitalipita haraka kwa sababu lina damu ndani yake. Katika uchaguzi wa bunge la jimbo, chama cha Conakat cha Moïse Tshombe kilipata viti 25 kati ya 60, na muungano wa Balubakat viti 23. Wabunge wa Balubakat walisusia ili serikali isiundwe bila wao. Brussels ikabadilisha sheria mwezi Juni, Conakat ikaunda serikali peke yake, na tarehe 11 Julai Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Kaskazini ikakataa. Vijana wa Balubakat na askari wa Tshombe wakapigana, vijiji vikachomwa, kisha jimbo la kaskazini likatangazwa huko Manono. Atakayesema kwamba watu hao walidai jimbo lao kwa kupenda ukabila anawaonea. Walidai kwa sababu kura zao zilikuwa zimefanyiwa hila na bunduki zilikuwa mlangoni. Hapo nakubali. Ninachokataa ni hatua inayofuata, kwamba dawa ya dhuluma hiyo ilikuwa kabila kupata mpaka. Mwaka 1962 Nord-Katanga ilitambuliwa, makao yake makuu yakiwa Albertville, Kalemie ya leo. Walipata walichoomba. Kisha Prosper Mwamba Ilunga na Sendwe, wote wawili wa Balubakat, wakavutana juu ya uongozi wa jimbo hilo dogo, na Juni 1964 Sendwe akauawa katika mji huohuo wakati wa uasi. Mwaka 1966 Mobutu aliunganisha tena vipande vya Katanga.

Kama damu ndiyo gundi, basi mambo ya 1992 na 1993 yasingewezekana. Waluba wa Kasai husimulia kwamba mababu zao walitoka upande wa Katanga, na lugha zao ni za jamaa. Hata hivyo, gavana wa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, Gabriel Kyungu wa Kumwanza, naye Mluba wa Katanga, aliongoza kampeni ya kuwatimua, na mamia ya maelfu ya watu wakafukuzwa Likasi na Kolwezi. Walingoja treni katika stesheni kwa majuma, wengine wakafa hapohapo. Reli ya kwenda Kasai inapita Bukama na Kamina. Kwa hiyo mabehewa yaliyojaa Waluba waliokosa kuwa Wakatanga yalipita katikati ya nchi ya Waluba waliobahatika kuwa Wakatanga. Kilichowatenganisha ni zile herufi tatu, Kat.

Katiba ya 2006 iliandika majimbo 26 pamoja na Kinshasa, na mwaka 2015 Katanga ikakatwa vipande vinne: Haut-Katanga, Lualaba, Tanganyika na Haut-Lomami. Watu huita jambo lile dekupaji. Mistari ilifuata wilaya za zamani za ukoloni, si koo, ingawa Lubumbashi na Kamina wengi waliisoma kama mistari ya koo: migodi ya shaba na kobalti kwa watu wa kusini, Lubakat wabaki na mihogo yao. Kwa mzee aliyezaliwa Kinkondja mwaka 1958, hiyo ilikuwa Katanga, kisha Shaba, kisha Katanga tena, kisha Haut-Lomami, bila kuhesabu miaka ya vita, wala mtumbwi wake haujahama ziwa. Tena katika Kisale hata ardhi yenyewe haitulii. Mafunjo hushikana yakawa visiwa vinavyoelea, wavuvi wakajenga vibanda juu yake, wakabanika samaki wao huko, na upepo ukivuma kisiwa husogea na moshi wake.

Samaki wale hawakuwahi kuvuliwa kwa ajili ya ukoo mmoja. Huko Sanga, ukingoni mwa ziwa hilihili, wataalamu wa mambo ya kale waliochimba tangu 1957 walikuta makaburi ya zaidi ya miaka 1,000 yenye vito vya shaba, na katika makaburi ya baadaye misalaba midogo ya shaba. Bonde hili halina shaba. Ilitoka kusini, ikabadilishwa na kitu, na sioni kitu gani kingetangulia samaki wakavu. Reli ilipofika Bukama mwaka 1918 iliongeza mwendo wa biashara ambayo tayari ilikuwa na uzee wa kutosha. Anayesema kwamba kaskazini na kusini ni dunia mbili aeleze kwanza shaba ile imefikaje kwenye shingo ya maiti.

Wengine watanijibu kwamba jimbo dogo huleta serikali karibu, na kwamba Kamina, makao makuu mapya, iko karibu kuliko Lubumbashi, makao makuu ya zamani. Ni kweli kwa kilomita. Lakini kifungu cha 175 cha Katiba kinayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, yakatwe papo hapo yanapokusanywa, na hilo halijatekelezwa kama lilivyoandikwa. Pesa hupanda Kinshasa kwanza, kisha zinangojewa. Lualaba inaweza kungoja huku inatoza malori ya madini. Haut-Lomami haina malori hayo, basi inamtazama mwenye kikapu cha samaki. Mama anayetoka Kinkondja na mzigo wake kwenda kuuza Likasi sasa anavuka mpaka wa jimbo ambao mama yake hakuuvuka, na mpaka wa jimbo una maofisa, na maofisa wana risiti. Gavana anayesema Kiluba kama yeye hajapunguza hata risiti moja kati ya hizo.