Gemu ni ya bure, PIN je?

Shule zikifungwa, simu ya mzazi hugeuka uwanja wa michezo. Gemu za kwenye brauza kama 2048 hazihitaji kupakuliwa wala kulipiwa. Ile ya dainosa ya Chrome huchezeka hata bando likiisha. Hizo hatuna neno nazo. Shida ni ukurasa unaomwomba mtoto namba ya simu ili "afungue leveli". Akiiandika, ombi la malipo linaruka kwenye skrini: jina la anayelipwa, kiasi, na nafasi ya PIN. Bila PIN, hakuna shilingi inayotoka. Lakini watoto wangapi wanaijua, eti kwa sababu mama huwatuma wamnunulie tokeni za stima? Kama wako ni mmoja wao, badilisha PIN kabla hujampa simu. Na ukurasa wowote unaotaka PIN yenyewe, ufunge. Sisi hatuiombi hivyo.