Aliyeanguka asikalishwe: fahamu uti wa mgongo na mbavu
Uti wa mgongo una pingili 33: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, na 9 za chini ambazo huungana ukubwani. Mbavu, jozi 12, zimeshikana na pingili za kifua ili kukinga moyo na mapafu. Ndani ya pingili hupita kamba ya neva itokayo kwenye ubongo.

Mtu akianguka kutoka mtini au juu ya paa, pingili iliyovunjika yaweza kuikata kamba hiyo, naye akapooza. Kwa hiyo msimwinue, msimkalishe, wala msimbebe mgongoni. Shikeni kichwa kisigeuke, na mwiteni mhudumu wa afya aje na machela. Akiumwa ubavuni anapovuta pumzi, msimfunge kifua kwa kitenge: mapafu yatashindwa kujaa hewa.