Kukua Kiroho: Je, Tunajipima kwa Kipimo Gani?



Katika semina moja ya viongozi wa makanisa hapa Baraka, niliwaomba washiriki wafunge Biblia kwa dakika chache, na kila mmoja ajibu kwa maneno yake mwenyewe: "Kwako wewe, kukua kiroho ni nini?" Nilidhani nitapata jibu moja, maana sote tunasoma Neno moja. Haikuwa hivyo.

Mzee mmoja wa kanisa alisema kukua ni kudumu: yeye alibatizwa akiwa kijana na hajawahi kurudi nyuma. Kijana wa kikundi cha maombi alisema ni kupokea karama, kunena kwa lugha na kuona maono. Mama wa kwaya alisema ni kufunga na kukesha. Mwalimu wa shule ya Jumapili alisema ni kuyajua Maandiko. Mvuvi mmoja alifikiri kidogo, kisha akasema: "Zamani, tukirudi kutoka ziwani alfajiri, nilikuwa naficha ndagala kidogo kabla ya kugawana na wenzangu. Sasa tunagawana mbele ya wote. Mimi naona hapo ndipo nimekua." Watu walicheka, lakini yeye hakucheka. Wa mwisho alikuwa mama mjane. Alisema kwa sauti ndogo: "Kuna siku ninaweza kuwataja watu waliomuua mume wangu bila kuwalaani. Si kila siku." Hapo hakuna aliyecheka.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: kati ya majibu hayo, ni lipi lililo sahihi?

Maandiko yanafundisha nini

Mtume Paulo, katika Waefeso 4:11-16, anaonyesha shabaha ya kukua: tumfikie Kristo mwenyewe, tufanane naye. Tena hasemi juu ya mtu mmoja peke yake. Anasema juu ya mwili mzima unaojengwa katika upendo, kila kiungo kikifanya kazi yake. Kwa hiyo kukua kiroho ni kubadilishwa na Roho Mtakatifu, kidogo kidogo, mpaka tabia ya Yesu ionekane ndani yetu, na wenzetu wapate faida.

Yesu naye alitoa mfano wa mkulima katika Marko 4:26-29. Mkulima hupanda, hulala, huamka, na mbegu inaota bila yeye kujua namna gani. Kazi ya kulima na kupanda ni yetu: kusoma Neno, kuomba, kushiriki ibada, kutubu. Lakini anayekuza ni Mungu. Hatuwezi kujivunia kukua kwetu, wala hatuwezi kukulazimisha kwa kelele.

Sasa tuangalie kanisa la Korintho. Paulo anakiri katika 1 Wakorintho 1:7 kwamba hawakupungukiwa na karama yoyote. Hata hivyo, sura ya 3 inawaita watoto wachanga. Kwa nini? Kwa sababu kati yao kulikuwa na wivu na magomvi, huyu akijiita wa Paulo na yule wa Apolo. Walinena kwa lugha, na bado walikuwa wachanga. Hapa tunajifunza tofauti muhimu: karama ni zawadi, na zawadi inaweza kupokelewa kwa siku moja. Tunda la Roho, lile la Wagalatia 5:22-23, linahitaji majira. Mtu anaweza kuwa na karama kubwa na tunda dogo.

Sisi tunaolima muhogo tunaelewa jambo hili. Kuna ugonjwa unaoozesha mizizi chini, huku majani juu yakiendelea kuonekana mabichi. Mpita njia anasifu shamba. Mwenye shamba anajua ukweli siku ya kuchimba.

Kwa nini kila mtu ana jibu lake

Je, basi wale waliojibu katika semina walikosea? Hapana, si wote, wala si kabisa. Mungu hatukuzi wote mahali pamoja. Zakayo alikua katika mambo ya fedha, kwa sababu fedha ndizo zilizokuwa zimemfunga (Luka 19:8). Petro, ambaye alihubiri siku ya Pentekoste, ilibidi akue mezani, pale Antiokia, alipojitenga na ndugu wa mataifa mengine kwa kuwaogopa watu wa kwao (Wagalatia 2:11-14). Mvuvi wetu alikua katika kugawana samaki. Mama mjane anakua katika kusamehe. Jibu la kila mtu linaweza kutuonyesha mahali ambapo Mungu anafanya kazi ndani yake.

Lakini kuna hatari. Mara nyingi tunachagua kipimo ambacho tayari tumekishinda. Mwenye sauti nzuri anapima kwa nyimbo. Mwenye nguvu za kufunga anapima kwa siku za kufunga. Mwenye mali anapima kwa sadaka. Sisi wenye diploma za theolojia tunapima kwa mafundisho. Kila mmoja anajipa alama nzuri, na pale anaposhindwa hapapimwi kamwe. Kumbe pale tunaposhindwa ndipo Bwana anapotaka kutukuza.

Shamba la mashemasi wawili

Nitatoa ushuhuda unaonihukumu mimi mwenyewe. Mwaka 1996, vita vilipofika kwetu, maelfu ya watu wa Fizi walivuka Ziwa Tanganyika kwenda Kigoma. Wengi waliishi miaka mingi katika kambi za Nyarugusu na Lugufu. Kuanzia mwaka 2005, HCR ilianza kuwarudisha kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka. Waliorudi walishangilia, lakini wengi walikuta mashamba yao yanalimwa na wengine.

Katika kanisa nililotumikia nikiwa mchungaji kijana, mashemasi wawili waligombania shamba la namna hiyo. Mmoja alikuwa amekimbia. Mwingine alibaki, akalilima na kupanda michikichi. Wote wawili walikuwa watu wa maombi. Yule aliyebaki aliongoza maombi ya alfajiri, na sadaka zake zililisaidia kanisa kuliko za mtu mwingine yeyote. Kwa sababu hiyo nilimwogopa. Nilihubiri juu ya utakatifu Jumapili baada ya Jumapili, bila kuligusa shamba lile hata mara moja. Nilikuwa nimetoka chuoni na maelezo mengi ya neno "utakaso", lakini sikuwa na ujasiri wa kumwambia ndugu: shamba hili si lako.

Aliyeanza si mimi. Ni mke wa yule aliyebaki. Alimwambia mume wake kwamba haoni faida ya kuamka saa kumi kuomba, ikiwa mchana wanakula matunda ya shamba la mtu. Mazungumzo yalichukua miezi. Mwishowe shamba lilirudishwa mbele ya wazee, na mwenyewe akamruhusu mwenzake avune michikichi misimu miwili, kwa sababu ya jasho lake. Siku ile hakuna aliyeona maono. Lakini kanisa lilikua, na mimi mchungaji wao nilijiona bado mchanga.

Baba zetu wa Uamsho walijua hili

Jambo hili si geni katika eneo letu la Maziwa Makuu. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliojulikana sana katika miaka ya 1930 kuanzia Gahini nchini Rwanda, ulisambaa Uganda, Burundi, Kenya, Tanganyika na kwingineko. Miongoni mwa walioutangulia ni Simeon Nsibambi wa Uganda na daktari Mwingereza Joe Church, waliokutana Kampala mwaka 1929 wakasoma Neno na kuomba pamoja. Watu wa Uamsho walisisitiza kutembea nuruni: kuungama dhambi kwa jina lake, kuwaomba wenzako msamaha, na kurudisha kilichoibiwa. Waafrika na wamisionari waliungamiana, jambo ambalo lilikuwa gumu sana wakati wa ukoloni. Uamsho ule ulikuwa na mapungufu yake, na baadhi ya watu waligeuza hata kuungama kuwa desturi ya kujionyesha. Lakini walielewa kwamba wokovu usiofika kwenye mfuko na kwa jirani haujakomaa.

Kwetu leo

Ndugu zangu, katika Fizi yetu kipimo hiki ni kigumu zaidi. Tunaishi Wabembe, Wabuyu, Wafuliiru, Banyamulenge na wengine, pamoja na wakimbizi wa Burundi waliopokelewa Lusenda tangu mwaka 2015. Karibu kila familia ina kaburi la kulilia. Sisemi kusamehe ni kusahau, wala kwamba haki isitafutwe. Mungu anachukia damu isiyo na hatia, na kanisa lisiogope kusema hivyo. Lakini yatupasa kujiuliza: tunaomba kwa ajili ya watu wa kabila letu tu? Ujumbe wa chuki ukifika katika simu yangu usiku, naufuta au nausambaza? Watoto wangu wananisikia nikiwaitaje wale wengine? 1 Yohana 4:20 haituachi tuseme tunampenda Mungu huku tukimchukia ndugu tunayemwona.

Tunaweza kujaza kanisa kwa mikesha, iwe ni CEPAC, CELPA au Methodisti, na bado tukawa Wakorintho wa sura ya 3.

Maswali ya kujichunguza wiki hii

Soma 2 Petro 1:5-8, kisha jibu mbele za Mungu, bila haraka:

1. Ni kipimo gani ninachokipenda kwa sababu tayari nimekishinda?
2. Ni mahali gani katika maisha yangu sitaki mchungaji wala mke au mume wangu apaguse?
3. Kuna kitu cha kurudisha, au mtu wa kumwendea?
4. Wanaoishi nami nyumbani wakiulizwa kama nimekua tangu mwaka jana, watajibu nini?

Ukikuta umechelewa, usikate tamaa. Mama yule mjane alisema "si kila siku", na naamini mbinguni jibu lake lilipokelewa. Mbegu haioti kwa siku moja, na Bwana aliyeipanda hajaliacha shamba lake.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi nyote, huko Fizi, Baraka na kando yote ya ziwa letu. Amina.