Tanga ni mbali kuliko Nairobi

Mume na mke wakiachana Mji wa Kale, Mombasa, mmoja akabaki Kibokoni na mwenzake akahamia Makadara, mtoto huenda kwa miguu. Chakula cha mchana kwa mama, alasiri chuoni, usiku kwa bibi mzaa baba. Gharama yake ni viatu.

Hesabu huanza mzazi mmoja akitoka kisiwani. Tuseme baba amepata kazi Nairobi. Nauli ya treni ya SGR, daraja la kawaida, ilipanda mwanzoni mwa 2024 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500. Kwenda na kurudi ni 3,000. Akija mara moja kwa mwezi, 36,000 kwa mwaka, mbali na matatu ya kutoka Miritini na zawadi ambazo hakuna baba anayethubutu kuja bila hizo. Zinauma. Lakini kisheria hajaenda popote. Kenya ina kaunti 47 na Sheria ya Watoto moja, ya 2022. Amri ya Mahakama ya Watoto ya Tononoka ina nguvu ileile Kisumu na Garissa.

Sasa mpeleke baba huyo Tanga. Ni kama kilomita 170, karibu theluthi ya safari ya Nairobi, na wengi wetu tuna shangazi huko. Kenya ina sheria ya 1984 ya kutekeleza hukumu za nchi za nje, na Tanzania imo katika orodha yake. Ila sheria hiyohiyo imeziondoa, kwa maneno ya wazi, kesi za malezi ya watoto. Deni la magunia ya nazi huvuka mpaka wa Lunga Lunga na hukumu yake. Amri ya mtoto haivuki. Hakimu wa Mombasa ataisoma amri ya Tanga, ataipa uzito, kisha ataamua mwenyewe kwa maslahi ya mtoto, kama Kifungu cha 53 cha Katiba kinavyomtaka. Kesi moja imekuwa mbili, na mawakili ni wawili. Baba akihamia Unguja, sheria inabadilika tena: Bara wana Sheria ya Mtoto ya 2009, Zanzibar wana yao ya 2011.

Hata likizo hazilingani. Shule za Kenya zina mihula 3 na hufunga Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Tanzania Bara likizo ndefu ni Juni na Desemba. Mtoto wa Mombasa anayetaka kukaa na ndugu zake wa Tanga kwa muda wa maana amebakiwa na Desemba tu.

Baba akienda Muscat, Oman, kilomita 3,700 hivi, hesabu inageukia umri. Katika fiqhi ya Kishafi tuliyoizoea pwani, hadhana, yaani malezi, ni ya mama mpaka mtoto apambanukiwe, kama miaka 7, kisha huulizwa amtakaye. Sheria ya Oman ya 1997 imeweka 7 kwa mvulana na baleghe kwa msichana, kadhi asipoona vingine. Imarati walikuwa na 11 na 13, mpaka sheria mpya iliyoanza Aprili 2025 ikaweka 18 kwa wote. Kenya haina umri ambao malezi huhama yenyewe. Kwa hiyo mvulana wa miaka 8 anaweza kuwa wa mama akiwa Mombasa, na muda wa mama huyohuyo ukawa umekwisha Muscat.

Na akipelekwa asirudishwe? Mkataba wa Hague wa 1980, wenye nchi zaidi ya 100, hurudisha watoto wa chini ya miaka 16 na huzitaka mahakama ziamue ndani ya wiki 6. Uingereza imo, Marekani imo. Kenya haimo. Tanzania, Oman na Imarati hazimo.

Kilichobaki ni kinga. Talaka mtaimaliza kwa kadhi, lakini Kifungu cha 170 cha Katiba kinachompa mamlaka hakitaji malezi, na majaji wametofautiana juu ya hilo. Ya mtoto pelekeni Tononoka. Ombeni amri kwamba mtoto asitolewe nchini bila idhini ya mahakama, na pasipoti yake ihifadhiwe huko. Ombeni kabla tiketi haijakatwa.